Alama Kwenye Uvimbe wa Baba

Baba yangu alianza kwa kubakiza matonge mawili matatu kwenye sahani, na mama akadhani ni joto. Halafu akawa anabakiza nusu, mbwa wa nyumbani wakanenepa. Huyu alikuwa mtu ambaye akitoka kwenye pamba anamaliza ugali wa mtama peke yake, anashushia maziwa ya mgando, kisha anauliza kama yamebaki michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Sasa alikuwa anagusa chakula, anashika tumbo juu ya kitovu, anasema ameshiba.

Nyumbani kwetu ni Migato. Mimi nafundisha shule ya msingi Bariadi mjini, na ndimi mtoto wa kwanza. Baba alikuwa ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anamwona baba kila siku akipungua. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Zikamsaidia, zikaacha kumsaidia, akapewa nyingine. Alipoanza kutapika, mdogo wangu alimpeleka kwa mganga bila kunishirikisha. Simlaumu sana. Alikuwa amechoka kumwangalia baba akikunja uso kila anapomeza maji.

Mganga hakutaja jina. Alisema tu kwamba ugonjwa umetumwa, na aliyeutuma ni wa damu moja, tena aliingia nyumbani na kitu kitamu. Baba akarudi bila kumtaja mtu, lakini pale nyumbani wote walijua anayesemwa ni nani. Mwisho wa kilimo kilichopita, baba mdogo, mdogo wake pekee wa tumbo moja, alikuwa ametoka Shishiyu na dumu la asali. Baba aliila ile asali kwa wiki nzima akimsifia. Baada ya mganga kusema, dumu lilitupwa chooni. Baba akaacha kupokea simu za mdogo wake. Mdogo wangu akapanda pikipiki mpaka Shishiyu, akasimama mlangoni kwa baba mdogo mbele ya majirani, akamwita mchawi.

Nilipopata habari hizo niliomba ruhusa shuleni, nikaenda kumchukua baba. Nguo zake zilikuwa zinamning'inia. Alikuwa ametapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa, na mama alikuwa amekificha kwenye ndoo ili anionyeshe.

Hospitali ya Bariadi walituandikia rufaa ya Mwanza. Basi lilisimama Lamadi, watu wa samaki wakasogea madirishani na sato wa kukaanga, na ile harufu ikamfanya baba atapike kwenye kanga yangu. Yule mama aliyekuwa anauza samaki alimwona, akaacha biashara yake, akanipa maji kupitia dirishani. Nilikuwa na madaftari ya darasa la tatu kwenye mkoba, nikidhani nitasahihisha njiani.

Mwanza walimwingiza kamera ya tumboni. Wakaona uvimbe, wakakata vipande vidogo vya nyama na kuvipeleka maabara. Picha ya tumbo ikaonyesha ini nalo lina madoa. Tuliporudi kwa ajili ya majibu tulikuwa watatu, baba, mimi na mdogo wangu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtu wa mkoa mwingine, mpole, na hakujua neno hata moja la Kisukuma. Baba naye Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani. Kiliishia kwenye salamu, mifugo na mvua. Kwa hiyo kila neno lilipaswa kupita kwangu.

Kabla hatujaitwa, mdogo wangu alinivuta pembeni kwenye korido.

"Dada, akisema jambo baya usimwambie baba lote. Mwambie ni kidonda kikubwa."

"Na akiniuliza?"

"Unamwambia kidonda kikubwa. Wewe mwalimu, utapata maneno."

Tukaitwa. Tukaingia.

Daktari alisema ni kansa ya tumbo, na kwamba imefika kwenye ini, kwa hiyo hawawezi kuikata na kuimaliza. Neno kansa baba alilielewa bila mimi. Akanigeukia.

"Mayu, uliza nitaishi mpaka lini."

Mdogo wangu alikohoa. Niliuliza. Daktari aliweka kalamu chini, akamwangalia baba badala ya kuniangalia mimi.

"Mzee, ikishafika hapa tunaongelea miezi. Dawa zinaweza kuongeza. Kwa mtu mmoja zinaongeza kidogo, kwa mwingine zaidi, na mimi siwezi kukuahidi wewe ni yupi. Lakini kuna kipimo kimoja nataka tufanye kabla hatujaamua."

Nikamwambia baba yote, hata yale ya miezi. Niliona mdogo wangu akiinamisha kichwa. Baba alitikisa chake polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya ndama ambayo alikuwa ameshaikisia.

Kisha daktari akaeleza kipimo. Alisema seli za kansa zina protini juu yake, na kuna aina moja wanayoitafuta hasa. Ile nyama waliyoikata inapakwa dawa yenye rangi. Kama protini hiyo imejaa, ukingo wa seli unashika rangi pande zote, mtu wa maabara anauona kwa darubini. Uvimbe wenye protini hiyo mara nyingi huwa mkali, unakua haraka. Lakini huohuo ndio wenye dawa yake maalumu, ambayo inakwenda kuishika hiyo protini na kuuzuia uvimbe usikue.

Kisukuma hakina neno la protini. Nilihangaika. Nikamwambia baba kwamba daktari anatafuta kama ugonjwa huu una alama mwilini mwake, mfano wa chapa ya ng'ombe, kwa sababu wenye alama hiyo wana dawa yao.

Baba akakaa wima kidogo.

"Chapa ya nani?"

Nilijua anauliza nini. Mdogo wangu naye alijua. Daktari akauliza mzee anasemaje. Nikamweleza, kwa aibu, kwamba mzee anataka kujua hiyo alama imewekwa na nani.

Daktari hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisogeza kiti chake.

"Mwambie hakuna aliyeiweka. Seli ya mwili wake mwenyewe iliharibika wakati inajigawa, ikaanza kutengeneza hiyo protini kupita kiasi. Huenda ilianzia kwenye vidonda vya siku nyingi, au wadudu wa tumboni, au kitu ambacho hatutakijua. Haikutoka kwa mtu."

Nilitafsiri. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wabeja," yaani asante, akainuka. Sikujua kama ameamini.

Kipimo kile ndicho kilichotuchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Tulisubiri, nikapiga simu, nikaambiwa bado. Nikapiga tena. Wakati huo walimwanzishia dripu za kawaida za kansa, kwa hiyo kila zamu nilimtoa Migato mpaka Bariadi, akalala kwangu, asubuhi tukapanda basi la Mwanza. Nikirudi nasimama mbele ya watoto wa darasa la tatu nikiwa sikumbuki somo la jana. Mwalimu mkuu alinivumilia. Walimu wenzangu walinishikia vipindi, na baada ya muda niliona nao wamechoka kunishikia.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya katikati. Nilidhani kwenye mambo ya hospitali kitu kipo au hakipo, lakini daktari alinieleza kwamba rangi imeshika kidogo, siyo kwa kutosha kusema ndiyo, siyo kwa uchache wa kusema hapana. Ingebidi nyama ipelekwe Dar es Salaam kwa kipimo kingine, kinachochungulia ndani ya seli yenyewe. Nikamuuliza kama hawezi tu kukisia.

"Nikikisia vibaya nitampa dawa inayoweza kumdhuru moyo bila faida," alisema. "Nivumilie, mwalimu."

Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, nikatoa madaftari ya watoto, nikayarudisha mkobani bila kusahihisha hata moja.

Nyumbani, jibu la katikati lilipokewa vibaya. Mdogo wangu alisema mchawi akiona anatafutwa anajificha, ndiyo maana rangi haikushika sawasawa. Mama alimwambia anyamaze. Baba alikuwa amelala kwenye ngozi kivulini, ukutani, macho ameyafumba. Simu yake iliita. Ilikuwa namba ya baba mdogo. Iliita mpaka ikakata.

Jibu la Dar es Salaam lilinikuta darasani, nafundisha kugawanya. Nilitoka nje nikapokea. Daktari alisema protini ipo, na ipo kweli, wameona nakala nyingi za chembe ya urithi inayoitengeneza. Alisema amefurahi, kisha akajirekebisha, akasema kwa hali hii ni habari inayotupa kitu cha kufanya. Kibali cha dawa hiyo kingeombwa kwenye bima yangu ya kazi, na kabla ya yote baba apimwe moyo.

Jioni ileile nilikuwa Migato, nikamsalimia baba kwa Kisukuma, naye akaniuliza kama ni salama.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Daktari amepiga. Ile alama ipo."

Alinyanyuka akaegemea ukuta. Mdogo wangu alikuwa anafunga ndama, akasogea kusikiliza.

"Inasema nitapona?"

"Hapana, baba. Inasema ugonjwa wako ni wa wale wakali, lakini una dawa yake. Dawa itausimamisha kwa muda. Muda gani, daktari hajui."

"Na hiyo dawa wametengeneza wapi?"

"Ulaya huko, baba. Sijui hasa wapi."

Nilidhani atakataa, kwa sababu zile dripu za kwanza zilikuwa zimemtoa kucha na kumfanya achukie harufu ya maziwa. Akasema, "Nipeleke."

Moyo wake ulipimwa ukaonekana unafaa. Dawa ilipokuja, mimi nilikuwa nimeshachoka kutumaini, na ndiyo maana sikuona mara moja kwamba inafanya kazi. Mama ndiye aliyeniambia kwenye simu. Alisema baba ameomba nsansa. Yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyopikwa na karanga, alikuwa hajayataka tangu mwaka jana. Kesho yake akaomba tena. Kutapika kukapungua, kisha kukaisha. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe umenywea na madoa ya ini yamefifia. Baba akaanza kwenda zizini asubuhi na fimbo yake, polepole, akimkosoa mdogo wangu namna alivyojenga mlango.

Siku moja tuko kwenye basi tunarudi, nikiwa nimesinzia, baba akanigusa mkono.

"Mayu. Ile dawa iliyatambua wapi yale ya kwetu?"

"Yapi, baba?"

"Nasema hivi. Kama mdogo wangu ndiye aliyeniwekea kitu, watu wa Ulaya wangejuaje dawa yake? Hawamjui. Hawajui hata Shishiyu iko wapi." Alitazama nje, mashamba ya mpunga yanapita. "Ile asali ilikuwa nzuri sana."

Nilikuwa nimemweleza jambo hilo kwa kila namna niliyoijua, na daktari naye alimweleza, na halikuingia mpaka tumbo lake lilipokubali chakula.

Alimpigia mdogo wake simu mwenyewe. Haikupokelewa. Akapiga siku nyingi. Akamtuma mzee wa kanisa, akarudi na jibu kwamba baba mdogo anasema hana kaka Migato. Huko Shishiyu maneno ya mdogo wangu yalikuwa yamesambaa. Watu walikuwa wameacha kununua maziwa kwa baba mdogo, na waliokuwa wamemposa binti yake walikuwa wameacha kuja.

"Basi nitakwenda mimi," baba alisema.

Nilimpinga. Alikuwa bado mwepesi kama mtoto, na barabara ile siyo ya mgonjwa. Pia, niseme tu ukweli, nilitaka Jumamosi moja ya kulala. Lakini nilikodi gari, tukaenda mimi, yeye na mama. Mdogo wangu tulimwomba aje, akasema ana ng'ombe wa kuogesha dawa.

Baba mdogo alikuwa anapukuchua mahindi nje ya nyumba na mke wake. Aliona gari, aliona nani anashuka, akaendelea kupukuchua. Mke wake ndiye aliyetuletea viti. Hatukusalimiwa. Kwetu kutosalimiwa ni kitu kizito sana, na mama alianza kulia palepale. Baba hakukaa kwenye kiti. Alisimama na fimbo yake, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani waliokuwa wameshaanza kujikusanya.

"Nilisema umeniroga. Sikusema kwa mdomo wangu, nilimwachia mtoto aseme, na hilo ni baya zaidi. Nimepimwa. Ugonjwa wangu umejulikana mpaka alama yake. Hukuuweka wewe. Nimekuja kusema hivyo hapahapa ulipotukaniwa, watu hawa wasikie."

Baba mdogo aliendelea na mahindi. Punje zilikuwa zinadondoka kwenye turubai.

"Wanangu waliitwa watoto wa mchawi," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Kanisani nilikuwa nakaa peke yangu kwenye benchi. Mtu mzima mimi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuja zamani."

"Zamani nilikuwa naamini," baba alisema.

Miguu ilianza kumtetemeka. Niliinuka kumshika, lakini baba mdogo alikuwa ameshaona. Aliweka gunzi chini, akaja, akamshika kaka yake kwapani akamkalisha kwenye kiti. Nadhani ndipo alipohisi alivyobaki mifupa, kwa sababu uso wake ulibadilika. Akanigeukia mimi kama vile baba hayupo.

"Huyu anakula nini sasa?"

"Anakula kila kitu laini, baba. Uji, nsansa, maziwa kidogo."

Akamwambia mkewe akoroge uji. Tulikaa mpaka jua likaelekea kushuka. Wale ndugu wawili walibishana kuhusu fahali mmoja aliyekufa wakiwa wavulana, kila mmoja akidai rangi yake.

Dawa ilimshika baba mpaka mavuno ya pamba yakapita, na zaidi kidogo. Kisha moyo ukaanza kulegea. Kipimo kilionyesha hausukumi damu kama mwanzo, daktari akasimamisha dawa, akasema wataangalia kama utarudi. Haukurudi vya kutosha, na tumbo likaanza tena. Daktari alinieleza kwamba uvimbe nao hubadilika, seli zenye ile protini zikipungua zinabaki zile ambazo dawa haizioni. Alisema angeweza kukata nyama nyingine apime upya. Nilimtafsiria baba. Akasema, "Mwambie inatosha. Mwambie amenisaidia." Yule daktari alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema kwa Kisukuma kibovu alichojifunza sijui kwa nani, "Wabeja, baba."

Baba alifariki nyumbani, mchana, mama akimpangusa midomo kwa kitambaa. Baba mdogo alikuwa amefika siku kadhaa kabla na alikuwa analala chumba kimoja naye. Alikuwa anawanywesha ng'ombe maji aliposikia mama anaita.

Yeye na mdogo wangu walichimba kaburi pamoja na vijana wa kijiji. Niliwaangalia. Walikuwa wanapokezana jembe. Mdogo wangu alishamwomba msamaha mbele ya wazee, na baba mdogo akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mpaka sasa hajasema. Akija Migato anamwitikia salamu, anaulizia mifugo, basi. Uchumba wa binti yake haukurudi, aliolewa na mtu mwingine baadaye, mbali. Mdogo wangu anajua hayo, na anaishi nayo.

Daktari alikuwa ameniambia watoto wa mgonjwa tupimwe wale wadudu wa tumboni. Mimi nilikutwa nao, nikatumia dozi. Mdogo wangu bado anasema ataenda.

Watu wa msiba walipoondoka, mama alitandika mkeka ndani akaniambia nijinyooshe kidogo kabla ya gari la kurudi Bariadi. Gari lilikuja likaniacha. Mama alikataa niamshwe. Nilipoamka ilikuwa siku ya pili, jua limeshapita utosini, mkono umekufa ganzi, na nje nilimsikia mama akimwambia mtu aongee taratibu, mwalimu amelala.